Nyumba ya Ukurasa wa Tisini na Nne

Njia ya mwongo ni fupi, walisema wahenga. Yangu ilikuwa na urefu wa kilomita kumi na nne, na ilikatikia ukumbini, mbele ya watu sitini waliovaa viatu vya kutembelea.

Ulikuwa mkutano wa mwaka wa chama chetu cha watembeaji, Jumamosi mchana, katika ule ukumbi ulio nyuma ya stesheni. Mgeni rasmi nilikuwa mimi, kwa sababu ndimi niliyeandika kitabu. Kitabu chenyewe ni cha njia moja ndefu ya mashambani, sehemu kumi na mbili, na kila sehemu inaanzia pale treni au basi linapokushusha na kuishia pale jingine litakapokuokota. Huna gari? Huna haja nalo. Ratiba ziko kurasa za mwisho. Nimezunguka nchi nyingi, nimelala kwenye mabenchi ya stesheni mpaka mgongo ukachukua umbo lake, na niliamini hicho kitabu ndicho kitu pekee cha maana ambacho miguu hii imewahi kuzaa.

Nikamaliza hotuba, nikauliza kama kuna swali. Akasimama muuguzi mmoja mstaafu, mama wa heshima zake, fimbo mkononi. Akasema swali hana, ana shukrani. Anashukuru kwa sehemu ya saba, hasa kwa ile nyumba ya yule mama anayewapa watembeaji maji.

Nikatabasamu lile tabasamu la mtaalamu anayemhurumia mwanafunzi.

"Mama, utakuwa umechanganya. Sehemu ya saba haina nyumba hata moja."

Hakubishana. Alilowesha kidole kwa ulimi, akafungua ukurasa wa tisini na nne, akanisomea maneno yangu mwenyewe kwa sauti ile ya kuita wagonjwa kwenye foleni:

"Baada ya kilomita ya tisa, upande wa kushoto, utaona nyumba ndogo nyeupe yenye mlango wa kijani. Kijia cha changarawe kitalia chini ya viatu vyako, na kicheko cha mama mwenye nyumba utakisikia kabla hujamwona. Atakupa maji katika kopo la bati. Hataki malipo, ila umwambie unakokwenda. Hakuna mtembeaji aliyewahi kupita hapo bila kunywa."

Ukumbi ukaangua kicheko. Fundi viatu wa pale stesheni, ambaye hajawahi kunipenda, akauliza kama kitabu nimekisoma au nilikiandika tu. Jasho likanishuka mpaka kwenye soksi. Kwa kutapatapa nikainua mkono wa kulia nikaapa mbele ya wote kwamba katika toleo la pili halitaingia neno ambalo mtu hajalishuhudia kwa macho yake na kulikanyaga kwa mguu wake. Wakanipigia makofi. Kiapo kile kikaandikwa kwenye kumbukumbu za mkutano, kikatiwa saini, na saini ya kwanza ilikuwa yangu.

Ukweli ni huu. Sehemu ya saba sikuitembea.

Siku ile nilikuwa na lengelenge kisiginoni, kubwa kama kiini cha yai, na kila hatua lilikuwa likicheza ndani ya kiatu. Nilipofika mwisho wa sehemu ya sita nikalikuta basi limesimama, mlango wazi, kiti cha nyuma kitupu. Mimi ni nani nikatae? Nikapanda. Nikavua kiatu, nikalitoboa lengelenge kwa pini ya beji ya chama. Maji yake yakanichuruzikia vidoleni. Leso yangu ilikuwa chafu kuliko mguu, kwa hiyo nikajifuta kwenye kona ya karatasi niliyokuwa naandikia. Na kwenye karatasi hiyohiyo, ramani gotini, nikaitunga sehemu ya saba. Ramani ilionyesha majani matupu, kilomita kumi na nne. Sehemu tupu inanuka uongo. Nikaweka nyumba. Nilikuwa na kiu, nikaweka maji.

Dakika tano tu, na nyumba yenyewe nikaisahau. Basi halikuwa hata limepanda mlima.

Sasa yule muuguzi alikuwa akinishukuru kwa kitu ambacho hakipo. Nilijiambia ni wale wasomaji wanaoona kila walichoahidiwa. Kisha akaja mezani nimsainie kitabu, akainama.

Pumzi yake...

Nimewahi kusafiri siku mbili ndani ya behewa lenye kapu la samaki lililosahaulika. Hiki kilikuwa kitu kingine. Ilikuwa harufu ya soksi mbichi zilizofungiwa kwenye kopo mwezi mzima, na chini yake kulikuwa na utamu fulani, kama wa kidonda kinachopona vibaya.

Akaninong'oneza kwamba amekwenda mara tatu. Kwamba maji mengine sasa hayapiti kooni. Kwamba wako kumi na mmoja waliokunywa, wale waliokaa nyuma karibu na dirisha. Nikawatazama. Wote kumi na mmoja wakanitazama, wakitabasamu kwa midomo iliyofungwa.

"Na miguu haiumi tena," akasema. Akavua kiatu chake palepale, mtu mzima na heshima zake, akaninyooshea.

Unyayo ulikuwa laini kama shavu la mtoto mchanga. Haukuwa na ufa wala sugu. Ndani ya kiatu palikuwa na umajimaji. Na vidole vyote vitano havikuwa na kucha.

"Mchora ramani wako nilimkuta stesheni asubuhi," akasema akivaa kiatu. Kilifyonza alipoingiza mguu. "Nimemsisitizia asipite bila kunywa."

Mchora ramani wangu ni mdogo wake mke wangu. Tunamwita Dira, kwa sababu aliwahi kupotea ndani ya soko lenye mlango mmoja. Asubuhi ile alikuwa ameondoka na gurudumu lake la kupimia, kuipima sehemu ya saba kwa ajili ya toleo la pili. Sikuwa nimemwambia kwamba sehemu hiyo niliitunga. Kila mara nilipotaka kumwambia, aibu ilinitangulia mlangoni.

Nikampigia simu. Haipatikani. Nikampigia mke wangu, nikamweleza nusu ya mambo, nusu iliyokuwa na adabu.  Akasema kwa upole unaotisha kuliko kelele kwamba vitabu nitaandika vingine, lakini mdogo wake ni mmoja.

Nilipanda basi la saa tisa na nusu. Ratiba yangu, walau hiyo, ilikuwa ya kweli.

Basi lilinishusha mwisho wa sehemu ya saba saa kumi na moja jioni. Hesabu ilikuwa rahisi: nikitembea kinyume, nyumba, kama ipo, iko kilomita tano ndani. Basi la mwisho kurudi lilikuwa saa mbili kasoro dakika kumi. Nikaanza kwenda, mzee mzima na kitambi, nikijiimbia ili nisijisikie kuhema. Majani pande zote mbili yalinifika kiunoni. Jua lilikuwa limeshuka, jekundu, halina joto. Hapakuwa na ng'ombe, wala waya wa umeme, wala moshi. Ilikuwa kama ramani ilivyosema.

Anayetembea kwa kufuata kitabu ataiona nyumba kushoto. Mimi natoka upande wa pili, kwa hiyo inatakiwa iwe kulia. Nikaelekeza macho kulia. Kilomita ya tatu, kulia. Ya nne, kulia.

Nikasikia kicheko.

Kilikuwa kicheko cha mama mkarimu, kicheko cha jikoni. Kilitoka nyuma ya bega langu la kushoto.

Nyumba ndogo nyeupe. Mlango wa kijani. Kushoto.

Nikasimama. Nikageuka kutazama nilikotoka, polepole, kama mtu anayejaribu koti jipya.

Bado ilikuwa kushoto.

Harufu ikanifikia halafu. Ile ya muuguzi, ila sasa ilikuwa na ukubwa wa nyumba. Nikaziba pua kwa mkono wa shati, nikaingia kwenye kijia. Changarawe ikalia chini ya viatu, kwaruu, kwaruu, kama nilivyoahidi. Lakini ililia kwa wepesi mno. Mawe hayana wepesi huo. Nikainama.

Kucha.

Kucha za miguu, maelfu, za manjano, nyingine nene kama maganda ya chaza, nyingine bado na rangi nyekundu ya mtu aliyejipendezesha kabla ya safari. Nikainuka haraka. Nikaweka mkono ukutani nisianguke. Ukuta ulikuwa na vuguvugu. Ulibanduka. Ukaniachia kiganjani tabaka jembamba jeupe, gumu kidogo pembeni, lenye mistari, na mistari hiyo kila mwenye miguu anaifahamu. Ilikuwa ngozi ya kisigino. Chini ya tabaka hilo kulikuwa na jingine, na jingine, yamebandikwa kwa mpangilio kama vigae, na yeyote aliyeyabandika alikuwa na subira.

Wahenga walisema mavi ya kale hayanuki. Wahenga hawakuwahi kupita hapa.

Dira alikuwa amekaa chini mbele ya mlango. Chini kabisa, kwa sababu benchi sikuandika. Viatu amevua, soksi zimekunjwa vizuri, gurudumu limelala pembeni. Alikuwa akijikanda vidole.

"Aa, shemeji," akasema, kama tumekutana sokoni. "Miguu imekufa ganzi. Huyu mama ananitafutia maji."

Nikamnong'oneza avae viatu. Akasema hata kuinuka hawezi, tungoje anywe kwanza. Nikamuuliza kama ameshakunywa. Akasema bado, ndiyo kwanza anatekewa.

Mlango ulikuwa nusu wazi. Ukijani wake haukuwa rangi. Ulikuwa ukungu, wenye manyoya, umelowa, na ulikuwa ukipumua.

Mikono ikatoka gizani. Mikono mizuri, ya ukarimu, imeshika kopo la bati. Juu ya mikono palikuwa na mtandio, na chini ya mtandio... sikutazama. Uso sikuwahi kuuandika. Nilijua hivyo, na nilijua kwamba aliyeniona nikikwepa kuutazama alijua pia.

"Karibu, baba," ikasema sauti. Ilikuwa ya chini, imechoka. "Umechelewa."

Kopo lilikuwa tupu. Nikauliza, kwa sauti ambayo hata mimi sikuisikia vizuri, maji anayatoa wapi.

"Hukuandika kisima."

Alisema bila lawama, kama fundi anayekukumbusha kwamba hukuleta misumari. Akakalia kizingiti, akapandisha gauni mpaka magotini. Miguu yake, kutoka vifundoni hadi juu, ilikuwa malengelenge. Yalining'inia kama vichala vya zabibu, moja juu ya jingine, manjano, yamejaa, yanatikisika alipojisogeza. Akachagua moja. Akaliweka juu ya kopo. Akalibana kwa vidole viwili.

Tss...

Maji yakalia ndani ya bati. Akachagua jingine.

Dira, aliyekuwa ameinama akitafuta soksi moja, akasema kwa furaha kwamba anasikia maji.

"Uliandika nyeupe," sauti ikaendelea. "Hukuandika chokaa. Uliandika changarawe, hukusema ya nini. Nikafanya kwa nilichokuwa nacho." Tss... "Maumivu yao wananiachia mimi. Mimi nawapa maji. Si ndivyo?" Tss... "La kwanza lilikuwa lako, baba. Lilikuwa kwenye kona ya karatasi."

Kopo likajaa. Mikono ikalinyoosha kwa Dira.

Nikalidaka kwa kiganja, nikalizuia hewani. Lilikuwa na vuguvugu. Nikasema asimpe huyu.

"Hakuna mtembeaji aliyewahi kupita hapa bila kunywa," akasema. Hakuwa akitishia. Alikuwa akinisomea kazi yake. Na hapo ndipo nilipoelewa kwa nini miguu ya Dira imekufa ganzi, na kwamba ganzi hiyo niliiandika mimi, kwa sababu sentensi ilikuwa na mlio mzuri.

Ni akili ya mtu aliyewahi kubishana na wakata tiketi maisha yake yote iliyoniokoa. Nikamwambia huyu si mtembeaji. Huyu ni mpimaji, yuko kazini, gurudumu lake lile pale. Kitabu hakikusema lolote juu ya wapimaji.

Mtandio ukageukia gurudumu. Ukakaa hapo muda mrefu. Ukungu wa mlango ukapumua ndani, ukapumua nje.

"Na wewe?" akauliza.

Mimi, katika maisha yangu yote, sehemu ya saba nilikuwa nimeipita kwa basi tu. Siku ile ningeweza kuapa kwa haki kwamba sikuwa mtembeaji. Lakini jioni hii nilikuwa nimetembea kilomita tano, kwa miguu yangu, na vumbi lilikuwa hapo kwenye viatu.

"Mimi nimetembea," nikasema.

Nikanywa.

Sitawaficha. Yalikuwa ya vuguvugu, mazito, yenye chumvi. Ladha ya plasta iliyokaa kidoleni wiki nzima. Kipande kidogo cha ngozi kilinigandia kwenye kaakaa na hakikutaka kushuka, nikakisukuma kwa ulimi, kikageuka, kikaganda tena. Nilimeza mara tatu. Mara ya tatu, na hili ndilo ninaloona haya kulisimulia, yalikuwa matamu.

Maumivu ya miguu yangu yakatoka kama mtu aliyeitwa nje. Kwenye goti la yule mama pakavimba lengelenge jipya. Nililiona likijaa.

"Unakwenda wapi?" akaniuliza, kwa sababu ndivyo kitabu kilivyosema.

Nikamwambia nakwenda nyumbani.

Mikono ikalipokea kopo, ikalifuta kwa upindo wa gauni. Kisha ikanishika kidole, kidogo tu, kama mtoto anavyoshika.

"Ukifika, niandikie kisima, baba. Nimechoka."

Hakuwa mbaya. Hilo ndilo linaloninyima usingizi. Mbaya ningemkimbia tu.

Dira aliinuka bila taabu. Njia nzima hadi kituoni alininunia. Alisema hajawahi kuona mtu mzima mwenye pupa kiasi hicho, kumpokonya mwenzake maji yaliyotekwa kwa ajili yake. Basi la saa mbili kasoro dakika kumi lilikuja kwa wakati. Abiria wawili waliokuwa viti vya jirani yangu wakahamia mbele.

Hiyo ilikuwa wiki sita zilizopita. Kucha ya mwisho niliikuta ndani ya soksi Jumanne. Mke wangu alishukuru kwa mdogo wake, akanibusu kwenye paji la uso akiwa amejibana pumzi, na sasa nalala sebuleni, dirisha wazi. Maji ya bomba nikiyanywa yanarudi. Nasafiri na harufu yangu kama mtu aliyebeba mbuzi. Kwenye mikutano ya chama nakaa nyuma, karibu na wale wengine. Tuko ishirini na watatu sasa, na kila wikendi basi la asubuhi linashusha wapya mwanzo wa sehemu ya saba, kitabu changu mkononi.

Kuifuta nyumba nilifikiria. Lakini ishirini na watatu tumeiona, na kiapo hakizuii kilichoshuhudiwa. Halafu, niseme ukweli, nikiifuta, yeye ataenda wapi na miguu ile?

Kwa hiyo jana nikaenda kwa Dira. Mwenye mtambo wa kuchapa, tangu siku ya kiapo, hapokei hata nukta isiyo na saini ya Dira. Alikuwa mezani, ramani ya toleo la pili mbele yake, wino bado haujakauka. Nyumba alikuwa ameichora tayari, kijumba safi, paa na mlango. Nikasimama mbali, karibu na dirisha, kwa heshima ya pua yake. Nikamweleza yote. Ukuta, kucha, miguu. Alinisikiliza kama unavyomsikiliza mzee wa familia aliyeanza kuchanganyikiwa. Yeye alimwona mama mmoja mkarimu, akamwona na shemeji yake mwenye pupa, basi.

Sikubishana. Nikamwambia asiniamini, anifanyie hisani tu. Duara moja dogo la bluu nyuma ya nyumba. Maji safi, baridi, yenye kina. Nukta ya kalamu. Nikamwambia niko radhi kupiga magoti, na nikapiga, magoti yakalia kwenye sakafu yake.

Dira akapuliza wino, akafunga kalamu.

"Nyuma ya ile nyumba nilikwenda kukojoa, shemeji. Hakuna kisima."